Choo cha Mufano cha Sikuli

Kwa mudomo, Sikuli alikuwa amekwisha kujenga choo mara kumi na mbili. Alikijenga asubuhi akinywa chai, akakijenga tena muchana kule depo ya maharage, fasi anashona midomo ya magunia, na kila mara kilikuwa choo kizuri: shimo refu, manjanja mapya ya bati, mulango wenye kufunga. Na kila mara kilibomoka fasi ile ile, alipofika kwenye misumari. Maana misumari inapita mupakani, na mupakani kuna bakubwa ba serikali, na bakubwa bakiisha kuchagua yao, ule musumari unaofika Butembo unapinda hata mbele ya kupigwa.

"Serikali ingekuwa na haya," alisema, "miye ningekuwa na choo."

Benzake ba depo baliitika. Hata kwao manjanja yalikuwa yanavuja, na mutu akivujiwa anapenda kujua jina la wa kulaumu.

Mais choo hiki hakikuwa cha mazungumuzo tu. Siku balipomuzika muke wake Kahongya, mwaka uliopita, choo cha zamani kilikuwa kimeanguka juma moja mbele, nusu ndani ya shimo, nusu juu ya vitunguu vya marehemu. Bakwe zake balipanda toka Beni, commune ya Ruwenzori, batu kumi na tisa mu gari moja, na mbele yao mama-mukwe, Kanyere, mwenye miaka sabini na kitu na magoti ya zamani zaidi.

Kwa ukoo wa Kanyere kuna sheria mbili juu ya mukwe mwanaume, na hazichezewi. Ya kwanza: mama-mukwe hamusemeshi uso kwa uso, anasema na mutu mwingine, mukwe anasikia. Ya pili: habakai juu ya shimo moja. Choo anachotumia mukwe, mama-mukwe hata mulango wake hagusi.

Donc mama-mukwe alipobanwa, hakukuwa na namna ya kumuazima lile shimo la haraka Sikuli alikuwa anatumia nyuma ya nyumba. Ilibidi avuke lupango, uzio wa kati, ashuke njia ya udongo, aende kwa jirani Orpa. Mvua ilikuwa imenyesha. Alianguka kwa matako mbele ya katekista na mbele ya korali nzima, na korali ikapotewa na sauti katikati ya wimbo.

Hakulia. Aliinuka, akafuta kikwembe chake, akamuangalia Orpa. Sikuli alikuwa hatua mbili pembeni.

"Mama Orpa," akasema, kwa sauti ya kufika mpaka barabarani, "umwambie ule mutu: nyumba haina choo, haiko nyumba ya kulelea mutoto mwanamuke. Nitarudia siku ya kumaliza matanga. Nikikuta ni vile vile, Bénite anaenda na miye Beni. Na hatarudia."

Orpa akageuza kichwa. "Sikuli, umesikia?"

"Nimesikia."

"Amesikia," Orpa akamwambia muzee.

Bénite alikuwa na miaka tisa. Ndugu zake bakubwa balikwisha kuoa na kuolewa, na mu ile nyumba alibaki yeye peke yake wa kumuita Sikuli tata, wa kuunguza maharage, wa kumuuliza jioni hata hajavua viatu: "Tata, leo bakubwa bamefanya nini tena?" Bila ule mutoto, Sikuli angekuwa anamuelezea nani?

Miezi kumi na moja na nusu ikapita. Kisha asubuhi moja Orpa akaita juu ya lupango.

"Sikuli! Mama-mukwe wako ametuma sauti mu telefone. Matanga ni kisha juma mbili, si vile? Anauliza choo iko na rangi gani."

"Mwambie iko na rangi ya udongo," Sikuli akajibu. Na hapo hakusema bongo, ilikuwa kweli tupu, maana kilikuwa kingali ndani ya udongo.

Siku ile ile akatosha mutalimbo chini ya kitanda.

Juu ya shimo, hakuna mutu anaweza kumusema Sikuli vibaya. Alichimba siku tano, akazama mpaka kichwa hakionekani, akazama tena. Orpa njo alivuta ndoo. Yeye naye ni mujane, muuzaji wa samaki ba Kyavinyonge, mukristo wa kutosha fungu la kumi hata la machozi, na kila ndoo iliyofika juu ilikuwa na neno lake.

"Hii ni ya mwezi wa kwanza," alisema akimwaga. "Hii ya mwezi wa pili, wakati mugongo ulikuuma. Hii ya mwezi wa tatu, bale ba bureau bakakukataza kushika pelle ya kuchimbia."

"Vuta, mama."

"Niko navuta. Miye siko serikali."

Kuta zilisimama kwa fito na udongo, na zilisimama vizuri. Shida ilianza na mbao za mulango. Sikuli alileta mbao tano za mukaratusi juu ya kichwa, na maji yalikuwa yanamushuka shingoni, na haikuwa mvua. Ule muti ulikuwa umekatwa asubuhi ile ile.

Orpa akabonyeza ubao kwa kidole. "Hizi zingali zinalia, papa. Upange kivulini, uweke mawe juu, ungoje miezi mbili."

"Miezi mbili niko nayo wapi?"

"Ulikuwa na kumi na moja."

"Barabara ingekuwa barabara, mbao za kukauka zingefika zenyewe. Si miye nilikata hii muti. Ni bale banaacha batu bakate ovyo."

"Bale bako wapi? Nibaone, niwaambie mulango wako utajipinda."

Sikuli akashika nyundo. Alikuwa na musumari mudomoni. Misumari yake yote aliinyoosha juu ya jiwe, mumoja mumoja, ikapinda tena ndani ya ubao, akaitosha, akainyoosha. Siku ya pili kidole gumba cha kushoto kilikuwa na rangi ya biringanya. Kila pigo lililokosa lilikuwa na mwenyewe: hili ni la bale ba mupakani, hili ni la bale ba stima isiyofika kilimani, hili ni la ule aliyesema kwenye radio kwamba hali iko chini ya ulinzi.

Upana wa mulango aliupima kwa mwili wake, na Sikuli ni mutu ambaye ukimuangalia kwa pembeni unaweza kufikiri amekwisha kwenda. Aliufanya ufungukie ndani. Orpa akamwambia choo kinafunguka kwa nje. Akamujibu kwamba mulango wa nyumba ya heshima unafungukia ndani, kwa nje ni wa kuku. Kwa nje akaweka kishikio kizuri cha muti, alichokichonga nusu ya siku. Kwa ndani alikuwa amechoka, akapiga musumari mumoja, nusu, wa kuvutia.

Siku ya alhamisi, mbele ya matanga, choo kilikuwa kimesimama. Sikuli mwenyewe hakukitumia, kwa ile sheria. Aliendelea kuvuka kwa Orpa, kama alivyofanya tangu lile shimo la haraka lijae. Lakini alifungua na kufunga ule mulango mara sita, na kila mara ulifunga. Bénite alikaa juu ya ndoo akiangalia.

"Mama angefurahi," akasema. "Yeye alikuwa na gunia tu."

Ilikuwa kweli. Kahongya aliomba mulango wa choo tangu mwaka balipohamia kwa kile kilima, na Sikuli, kwa kuwa ni mushonaji wa magunia, alimushonea gunia. Wakati upepo unapiga, Kahongya alilishika kwa mukono mumoja.

"Mama yako alijua hali ya inchi," Sikuli akasema, akaenda kutafuta nyundo ambayo hakuhitaji.

Jioni ile akapita chef wa cellule, mukubwa wa mutaa, Lusenge, filimbi ya salongo, kazi ya bote ya kusafisha barabara, shingoni hata kama salongo ni jumamosi.

"Jambo, muzee Sikuli."

"Jambo, chef. Jumamosi siko kwa kufukua kanivo. Niko na matanga."

"Sikukuja juu ya kanivo. Kile ni nini?"

"Ni choo."

"Choo ya nani?"

"Ya mama-mukwe."

Lusenge akakizunguka mara tatu kama mutu anayechagua mbuzi ya mahari. Akagonga ukuta. Akafungua mulango, akainama, akatema mate ndani ya shimo na kusikiliza mpaka yafike.

"Hii," akasema, "ni latrine modèle, choo cha mufano kabisa."

Hapo Sikuli angeweza kukimbia, mais mutu hakimbii parcelle, kiwanja chake mwenyewe. Kulikuwa na komiti moja kule mujini, Komiti ya Mji Safi, ambayo tangu miaka mbili ilikuwa inatangaza kwenye radio vyoo kumi na viwili vya mufano kwa ajili ya raia. Raia balikuwa hawajaona hata kimoja, wala harufu. Na sasa, Lusenge akaeleza, bageni banaotoa pesa bametaka picha.

"Donc tunafanya inauguration hapa, tukate utepe. Jumamosi, saa tatu."

"Chef, nimejenga hii na mikono yangu. Ona kidole."

"Kidole ninaona. Hata Komiti inaona. Hakuna mutu anakunyanganya choo, tunaitambua tu."

"Mama-mukwe anafika saa sita. Yeye njo anapashwa kuingia wa kwanza."

"Saa tatu na nusu tumemaliza. Mbele ya pale, asiingie mutu. Ni protocole."

"Na nikikataa?"

Lusenge akatosha karatasi mu mufuko, akaikunjua polepole. Sikuli aliijua. Aliipeleka yeye mwenyewe kwa bureau juma lililopita.

"Autorisation, ruhusa yako ya matanga. Batu zaidi ya makumi mbili fasi moja, mu hizi siku tuko nazo, bila signature ya chef, si matanga tena. Ni attroupement, mukusanyiko wa fujo. Na bic yangu, muzee, roho isipotulia haiandiki."

Bic ikaandika. Mbele ya jua kuzama kadena ilikuwa imefungwa juu ya mulango, na banaume babili balileta kibao na kukisimika mbele ya choo. Na hapo Sikuli akasogea karibu, maana kilikuwa kibao cha ajabu: karatasi ya bati nyeupe, refu kama mutu, juu ya fremu ya mbao zilizokauka, zilizopigwa randa, zilizonyooka kama musitari wa daftari. Ukiweka sikio ukagonga, inalia. Juu yake waliandika kwa rangi ya bluu: LATRINE MODÈLE No 7. KAZI YA KOMITI YA MJI SAFI. CHINI YA UONGOZI WA COORDONNATEUR JEAN-DE-DIEU. Na chini kabisa, kwa herufi za kujificha: na musaada wa Chef Lusenge.

"Ya kwanza mpaka ya sita ziko wapi?" Sikuli akauliza.

"Ziko mu rapport," bakamujibu.

Bénite akasoma kibao mara mbili, kidole kikifuata herufi. "Tata, jina yako iko wapi?"

"Iko ndani ya shimo."

Ijumaa mvua ilipiga kutoka muchana mpaka jioni, ile ya Butembo inayoshuka na kilima chake. Mbao mbichi zikanywa juu ya maji zilizokuwa nayo.

Jumamosi saa tatu hakukuwa mutu. Saa ine, hakuna. Saa tano viti vya chapelle ambavyo Sikuli aliazima kwa ajili ya bakwe vilikuwa vimekaliwa na batu ba protocole, babili bakilala. Sufuria za maharage na nyama zilikuwa juu ya moto, na batu ba protocole baliziangalia kwa jicho la kirafiki. Saa tano na nusu jeep ikapanda kilima, ikazima, ikasukumwa, ikafika.

Coordonnateur Jean-de-Dieu alishuka kwa awamu. Kwanza kilishuka kiatu, kisha tumbo, kisha kidogo nyuma Coordonnateur mwenyewe, akifuta jasho. Alikuwa mutu wa mikono laini na sauti ya padri. Polisi wake akafukuza batoto kwa Lingala: "Longwa! Longwa wana!" Batoto baliokuwa mu parcelle ya babu yao bakasogea kwenye vitunguu.

"Wakati Komiti yetu iliona mateso ya huyu mujane masikini," Coordonnateur akaanza, mukono juu ya bega la Sikuli, "tulishindwa kulala. Tulijiuliza: hadi lini? Na tukashika jembe. Tukachimba..."

"Na ndoo nilivuta miye!" Orpa akaita kutoka nyuma.

"Mama, kimya," Lusenge akasema.

"Ninyamaze juu ya nini? Mikono ingali inauma! Ama nayo iko mu rapport?"

Batu bakacheka, Coordonnateur naye akacheka kidogo, kwa heshima ya picha, akaomba makasi ya kukata utepe. Hakukuwa na makasi. Makasi yalibaki bureau, na ufunguo wa bureau ulibaki na mutu aliyekwenda kwa ndoa. Mwisho Orpa akatoa kisu chake cha samaki, na utepe wa taifa ukakatwa ukibaki na magamba.

"Excellence," mupiga picha akasema, "ingia kidogo, ufunge mulango, kisha ufungue ukicheka. Itakuwa nzuri."

Lusenge akatosha kadena, polisi akausukuma mulango kwa goti ukafunguka, na Coordonnateur akaingia. Mulango ukakataa kufunga. Ulikuwa umevimba na pembe moja imejipinda. Yeye akasukuma kutoka ndani, polisi akavuta kutoka nje kwa kile kishikio kizuri, na mulango ukaingia kwenye fremu yake kwa sauti ya jeneza. Batu bakapiga mikono.

Bakangoja. Mupiga picha akiwa amepiga goti moja.

"Vizuri," ikasema sauti ndani. "Sasa fungueni."

"Vuta, Excellence!" Lusenge akaita. "Inafungukia ndani!"

Kukasikika mutu anavuta. Kisha kukasikika musumari unatoka. Kisha, baada ya muda murefu, kukasikika musumari unafika. Shimo lilikuwa refu kweli.

"Nimevuta. Hakuna tena kitu ya kuvuta."

Polisi akasukuma kwa bega. Mulango ukaenda ndani upana wa kidole, ukakuta tumbo.

"Rudi nyuma kidogo, Excellence!"

"Nyuma ni shimo!"

"Basi jisukume pembeni!"

"Pembeni ya wapi? Nani alipima hii kitu? Alipimia fimbo?"

Sasa sauti ya padri ilikuwa imeisha. Ndani mulikuwa na joto, na udongo mubichi, na inzi walikuwa wamekwisha kupata habari. Polisi akageuka, mate mudomoni: "Mwenye choo ni nani? Nani alijenga hii?"

Na Lusenge, mbele ya bote, akanyoosha mukono. "Ni huyu! Sikuli! Ni yeye peke yake alijenga, kutoka shimo mpaka juu, na mikono yake! Bote banajua!"

Sikuli alikuwa amengojea yale maneno siku mbili. Akayaacha yapite vizuri masikioni.

"Miye?" akasema. "Hapana, chef. Miye ni mujane masikini tu. Soma kibao."

Orpa akakaa chini kabisa, kikwembe mudomoni. Batu bakaanza kucheka kwa ile namna ya kukohoa, halafu bila kukohoa. Ndani, Excellence aliita majina ya batu ba Komiti, mumoja mumoja, na kila mumoja akampa mwenzake shauri. Mwisho polisi akachukua mutalimbo wa Sikuli, na ule mulango wa heshima ukavunjwa kwa nje, ubao kwa ubao, mapigo kumi na moja. Sikuli aliyahesabu. Hayo hakukuwa na haja ya kuyatafutia mwenyewe.

Coordonnateur akatoka na utepe shingoni na udongo mukubwa juu ya shati. Hakumuaga mutu. Jeep ilishuka bila kuwashwa, kwa uzito wake tu, na Lusenge akikimbia nyuma, mukono juu ya filimbi isimupige kifua.

Na kule chini, fasi jeep ilipita, gari ingine ikapiga honi tatu. Bakwe ba Beni.

Bénite alikuwa amesimama mulangoni mwa nyumba. Alikuwa amevaa robe yake ya komunio, na mukononi alishika kifuko cha vitu vya shule, tayari kwa njia ya Beni.

"Tata," akauliza, "niweke na kitana?"

Sikuli akafungua mudomo. Ndani yake kulikuwa na yote: bakubwa, barabara, mupaka, mbao mbichi, ile polisi, na Komiti kutoka wa kwanza mpaka wa mwisho. Yangetosha mpaka usiku. Gari ilikuwa inapanda. Akafunga mudomo, akaokota mutalimbo, akaenda kwa kibao.

Kilitoka bila kusumbua. Misumari yake ilikuwa minane, mirefu, migumu, na hata mumoja haukupinda. Sikuli aliishika mukononi akashangaa dakika nzima. Hakuwahi kuona misumari kama ile mu maisha yake. Kumbe inafika. Inafika, mais inajua fasi ya kwenda.

"Orpa! Ubashikilie na chai!"

"Nibashikilie na nini? Sukari hakuna!"

"Na moto!"

Orpa akawapa bakwe chai ya kuchemuka, mutu hawezi kunywa mbio. Akamuuliza Kanyere habari za njia, kisha za magoti, goti moja moja. Nyuma ya nyumba Sikuli akatosha charnières mbili, zile bawaba, juu ya mulango uliokufa, akazipiga juu ya fremu ya kibao. Kibao kilikuwa kipana kuliko mulango, hakikuingia ndani ya fremu ya choo. Akakiweka kwa juu, kifungukie nje, kama cha kuku. Upande mweupe akauacha nje, safi, bila neno. Maandishi yakabaki ndani. Akasukuma kwa kidole. Kibao kikaenda, kikarudi, kikafunga, taratibu, bila hata kulia.

Alikuwa hajamaliza kufuta jasho, Kanyere akatokea pembeni ya nyumba akiegemea fimbo, ukoo muzima nyuma yake. Sikuli akageuza uso, kwa ile sheria. Muzee akaangalia choo. Akaangalia vipande vya mbao chini. Akaangalia mulango mweupe.

"Bénite," akasema, "uulize baba yako: yeye amekwisha kuingia mule?"

"Tata, bibi anauliza—"

"Hapana. Mwambie hata siku moja."

"Na ingine mwanaume?"

Sikuli akafikiri. "Mwambie mumoja aliingia, mais hakufanya kazi yoyote. Ni kawaida yake."

Kanyere akaingia. Mulango ukafunga. Kwa batu kumi na tisa ba Beni na parcelle nzima, hakuna mutu aliyejua aangalie wapi. Alikawia. Sikuli alisimama akiangalia vitunguu vya Kahongya vilivyokanyagwa na batoto, akihesabu vilivyobaki vizima.

Akatoka. Alipanga kikwembe chake vizuri, bila haraka.

"Bénite, uulize baba yako: kule ndani, mbele ya uso wa mutu anayekaa, bameandika nini? Miye sikusoma."

"Mwambie ni majina ya bakubwa."

"Bakubwa banafanya nini kwa choo?"

"Mwambie banafunga mulango," Sikuli akasema. "Tangu nizaliwe, ni kazi ya kwanza nimeona bamefanya."

Kitu kama kicheko kikapita kwa mudomo wa muzee, hakikukaa. Akamuegemea Bénite, akamutosha kile kifuko mukononi, akampa Orpa.

"Mutoto anabaki," akasema. "Mais umwambie baba yako aweke kishikio ndani. Nimetoka kwa kusukuma na fimbo." Akaanza kwenda, akasimama. "Na umuulize tena. Kahongya aliomba huu mulango miaka ngapi?"

Bénite akageuka kwa baba yake. Hakurudilia swali; bote balikuwa bamesikia. Sikuli akafungua mudomo kuanza habari za inchi. Akakuta uso wa mutoto wake.

"Kumi na mine," akasema.

"Kumi na mine," Bénite akamwambia bibi yake.

Kanyere akaitika kwa kichwa, akaenda kukaa kwenye kiti cha chapelle, na matanga ikaanza.

Wakati bakwe bakila, Sikuli aliokota kile kishikio alichochonga, kilikuwa kizima, akaingia ndani kwa mara ya kwanza na ya mwisho, kukipiga upande wa maandishi. Bénite akamushikilia mulango. Pigo la kwanza lilipiga musumari, ukaingia wima mpaka nusu. La pili likapiga kidole, kile kile.

"Tata?" Bénite akaita. "Na hapo tena ni nani?"

Sikuli, kidole mudomoni, akaangalia jina la bluu lililokuwa mbele ya pua yake.

"Ni Jean-de-Dieu," akasema. "Amenisukuma mukono."